Shiraz kwa macho ya waliofika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jina la Shiraz halina mgeni pwani ya Afrika Mashariki. Lakini waulize wanaolitaja mji wenyewe ukoje, wachache watakuwa na la kusema. Hapa chini ni maswali yanayorudi kila mara mtu anapotaka kwenda huko, au anapotaka tu kujua waliokwenda waliona nini. Majibu yamechanganya wasafiri wa kale na wa leo, na pale nilipo na maoni yangu sikuyaficha.

Mji wenyewe uko wapi?

Kusini-magharibi mwa Iran, kwenye bonde lililozungukwa na milima, kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ndio makao makuu ya mkoa wa Fars na una watu zaidi ya milioni moja na nusu. Kutoka Tehran ni kilomita 900 hivi kwa barabara. Bahari hakuna. Wengi wetu tunaufikiria kuwa mji wa majahazi na forodha, kumbe Ghuba ya Uajemi iko mbali, ng'ambo ya safu za milima ambazo enzi za nyumbu zilimchosha msafiri siku nyingi kabla hajauona mji.

Kama hauna bandari, Washirazi wetu walitokaje huko?

Swali hili ndilo linalowapeleka watu wengi wa pwani Shiraz, na ndilo ambalo mji wenyewe hauna jibu lake. Hutakuta jumba la makumbusho linaloeleza habari za Kilwa, wala kibao cha kumkumbuka Ali bin Hasan. Mwenyeji ukimwambia kwamba kwenu kuna watu wanaojiita Washirazi, atashangaa, atafurahi, halafu atakuagizia chai.

Masimulizi ya Kilwa, yaliyoandikwa kwa Kiarabu na pia kunukuliwa na Mreno João de Barros katika karne ya 16, yanasema Ali huyo, mwana wa mtawala wa Shiraz, alikuja na ndugu zake kwa majahazi, akakinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo za kukizunguka. Wanahistoria wamebishana juu ya hadithi hii kwa miongo mingi. Mabaki ya ardhini yanaelekeza zaidi Siraf, bandari ya Fars kwenye Ghuba, ambayo ilistawi mpaka tetemeko la ardhi la mwaka 977. Vigae vya vyombo vya huko vimechimbuliwa Shanga, Manda na Unguja Ukuu. Mtu wa Siraf akiulizwa ugenini anatoka wapi, si ajabu akautaja mji mkubwa wa mkoa wake, kama wa Bagamoyo anavyosema Dar es Salaam akiwa Ulaya.

Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa DNA za watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani, ikiwemo Manda, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Ulionyesha kwamba kwa wengi wao asili ya upande wa mama ilikuwa ya Kiafrika, na kwamba sehemu kubwa ya asili ya Kiasia ilitoka Uajemi kupitia wanaume, mchanganyiko huo ukianza karibu mwaka 1000. Hivyo wazee hawakutunga tu, ila wala hawakutueleza habari ya bibi zetu, ambao hawakushuka kwenye jahazi lolote.

Kwa kifupi: kama safari yako ni ya kutafuta babu, nenda Siraf, ambayo leo ni kijiji cha pwani, au baki Kizimkazi usome maandishi ya msikitini ya mwaka 1107. Shiraz nenda kwa sababu nyingine. Zipo tele.

Mbona Washirazi wa pwani ni Sunni na Iran ni ya Shia?

Kwa sababu Iran ya zamani hizo haikuwa ya Shia. Ushia ulifanywa madhehebu ya dola na Wasafawi kuanzia 1501. Kabla ya hapo Fars ilijaa wanazuoni wa Kishafii. Abu Ishaq al-Shirazi, aliyefariki 1083 na kuandika Al-Muhadhdhab, ni mtu wa mkoa huo huo, na kila mwanafunzi wa fiqhi ya Shafii amekutana na jina lake.

Ibn Battuta aliona nini?

Huyu anatuhusu kuliko wasafiri wengine wote, maana aliiona Shiraz mwaka 1327 na Kilwa mwaka 1331. Hakuna mwingine wa zama zile aliyetuachia maelezo ya miji yote miwili.

Shiraz ilimkosha. Alisema upande wa mashariki hakuna mji unaoukaribia Damascus kwa uzuri wa masoko, bustani, mito na sura za watu isipokuwa huo. Alivutiwa zaidi na wanawake wake: walitoka wamejifunika vizuri, walitoa sadaka, na kila Jumatatu, Alhamisi na Ijumaa walikusanyika msikiti mkuu, wakati mwingine elfu moja au mbili, kusikiliza mawaidha, kila mmoja na upepeo wake mkononi kwa sababu ya joto. Anasema hajapata kuona mkusanyiko wa wanawake kama ule katika nchi yoyote.

Alikwenda pia kumwamkia kadhi mkuu, Majd al-Din Ismail, na anasimulia kisa chake. Sultani wa Wamongolia, waliokuwa wakiitawala Iran, alitaka hotuba za Ijumaa zisomwe kwa njia ya Shia, watu wa Shiraz wakakataa. Kadhi akaitwa, akatupiwa mbwa wakubwa waliofunzwa kula watu. Mbwa walipomfikia wakatikisa mikia. Sultani akavua nguo zake akamvika. Ukipenda amini, ukipenda usiamini, lakini ndivyo mji ulivyopenda kujisimulia. Ibn Battuta alirudi kumwona kadhi huyo mwaka 1347, akamkuta mzee sana na bado akimkumbuka.

Sasa njoo Kilwa. Alikaa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akausifu mji, akasifu ukarimu wa mtawala na uchamungu wa watu. Kuhusu Shiraz hakutia neno. Mtu aliyetoka kuiona Shiraz miaka minne tu nyuma, na mpenda kuunganisha habari za miji! Ukimya wake si ushahidi wa kukata shauri, maana wakati ule ukoo uliotawala Kilwa ulikuwa mwingine, wa Mahdali. Mimi hata hivyo huwa nausoma ukurasa ule nikisubiri alitaje jina hilo, na halitaji.

Wasafiri wa Ulaya walisema nini?

Wengi walipita wakielekea kwingine, na kila mmoja alifika na Shiraz yake mfukoni. Carsten Niebuhr alikuja 1765, wakati Karim Khan anatawala, na kazi aliyoifanya jirani hapo ilikuwa ya maana kuliko sifa zote za bustani: alinakili maandishi ya kabari ya Persepolis, magofu ya mji wa wafalme wa Uajemi, kwa uangalifu mkubwa hivi kwamba mwaka 1802 Grotefend, akiwa Ujerumani, aliweza kuanza kuyasoma. Claudius Rich, Mwingereza mtafiti wa mambo ya kale, alifia mjini 1821 kwa kipindupindu.

Edward Browne, mwalimu wa Cambridge aliyekijua Kiajemi kabla hajafika, aliingia 1888 kwa njia ya kaskazini. Njia hiyo inapita kwenye upenyo mwembamba wa mlima uitwao Tang-e Allahu Akbar, kwa kuwa msafiri aliyetoka kwenye nyika kavu akifika hapo huuona mji wote ghafla chini yake na kutoa takbira. Browne alikiri kwamba hakuwa na maneno mengine. Leo hapo ndipo lilipo Lango la Qur'ani. Lango la zamani, ambalo Karim Khan aliliwekea msahafu juu ili kila msafiri apite chini yake apate baraka, lilibomolewa katika miaka ya 1930, na hili la sasa lilijengwa 1949. Magari hayapiti tena chini yake. Wageni hupanda ngazi za mlimani jioni kupiga picha, na utakachokiona chini ni majengo ya saruji kwa wingi na miti kwa uchache. Browne angesita kidogo.

Rabindranath Tagore hakuwa Mzungu, lakini nimweke hapa. Alifika 1932 akiwa na miaka 70, mgeni wa serikali, na alichotaka hasa ni kukaa kwenye kaburi la Hafez, mshairi aliyependwa na baba yake.

Mshairi huyo ana nini mpaka watu wanalia kaburini kwake?

Kila msafiri huulizia hili siku ya kwanza, na siku ya mwisho wengi husema hapo ndipo walipopaelewa mahali.

Hafez alizaliwa Shiraz karibu 1325 na akafia hapo hapo karibu 1390. Alihifadhi Qur'ani, akaishi chini ya watawala waliopinduana, na mji hakuutoka ila kwa nadra. Mashairi yake ni ya mapenzi, ya ulevi, ya kuwakejeli wanafiki wa dini, na ya kumtafuta Mungu, yote katika ubeti mmoja, na hakuna anayeweza kukuhakikishia lipi ni lipi. Nyumba nyingi za Wairani zina diwani yake karibu na msahafu. Usiku mrefu wa Yalda, mwezi Desemba, familia hukaa pamoja, mmoja akanuia jambo moyoni, akafungua kitabu bila kuchagua, na shairi linalotokea ndiyo fali yake. Nje ya lango la kaburi utakuta vijana wenye ndege wadogo na kijisanduku cha karatasi. Unalipa, ndege anadonoa karatasi moja, nawe umepata shairi lako. Usipojua kusoma Kiajemi, kuna mtu atakusomea, na huenda akalipenda kuliko wewe.

Kaburi lenyewe ni jiwe lililochongwa beti zake, ambalo Karim Khan aliliagiza 1773. Juu yake ni kibanda cha nguzo nane kilichosanifiwa na Mfaransa André Godard na kujengwa 1935, na ukisimama chini ukatazama juu utaona upande wa ndani wa paa umejaa vigae vya rangi. Nenda baada ya magharibi. Watu hawaji kutalii. Wanagusa jiwe kwa vidole viwili, wanasoma Fatiha, halafu wanasoma shairi. Nimemsikia mtu wa Tanga akisema palimkumbusha ziara ya sharifu. Tofauti ni kwamba marehemu alikuwa akiwacheka masharifu.

Na Saadi?

Saadi alimtangulia kwa karne nzima. Alifariki mwaka 1291 au 1292. Gulistan aliimaliza 1258, mwaka ule ule ambao Wamongolia waliiteketeza Baghdad. Yeye ni mshairi wa adabu na mawaidha, msafiri mwenyewe, mwenye kisa kwa kila tatizo. Msomaji wa tenzi zetu za maadili atamzoea upesi kuliko Hafez.

Ibn Battuta alipafika kaburini kwake akakuta bustani nzuri na vihodhi vya marumaru vya kufulia nguo. Watu wa mji walitoka kwenda kumzuru, wakala, wakafua nguo zao kwenye maji yale, wakarudi nyumbani. Jengo la sasa ni la 1952, na chini yake bado kuna maji: unashuka ngazi hadi kwenye kidimbwi chenye samaki. Nguo hazifuliwi tena.

Msikiti wa vioo vya rangi ni kama kwenye picha?

Ndiyo, kwa saa mbili. Msikiti wa Nasir al-Mulk ulijengwa kati ya 1876 na 1888. Jua la asubuhi linapopita kwenye vioo vya ukumbi wa magharibi, mazulia na nguzo hugeuka nyekundu, bluu na njano. Mchana rangi imekwisha. Tatizo ni kwamba kila mtu ameshaiona picha hiyo kwenye simu, kwa hiyo saa mbili asubuhi kuna foleni ya wasichana waliovaa mitandio ya kupendezesha na wapiga picha wanaolala kifudifudi. Waliofika wakati wa baridi, jua likiwa chini, wanasema rangi huingia ndani zaidi na watu ni wachache.

Ukishachoka na vioo tazama vigae vya nje, vyenye mawaridi ya rangi ya pinki. Hapo mafundi wa Shiraz walijiachia kuliko kawaida ya misikiti ya Iran, na mimi navipenda kuliko vioo.

Kama unataka msikiti bila msukosuko, nenda Msikiti wa Vakil. Ukumbi wake una nguzo 48 za mawe zilizochongwa kwa kuzungushwa kama kamba iliyosokotwa, na mimbari ya ngazi 14 iliyotolewa kwenye kipande kimoja cha marumaru. Mara nyingi utakuwa na fundi wa ufagio na njiwa tu.

Karim Khan ni nani, mbona anatajwa kila mahali?

Mtawala wa ukoo wa Zand, aliyeshika nchi baada ya vurugu za karne ya 18 na kuifanya Shiraz makao yake mpaka alipofariki 1779. Hakutaka kuitwa Shah, alijiita Wakili wa raia. Ngome kubwa ya matofali katikati ya mji ni yake, ule mnara wake mmoja umeinama waziwazi. Soko la Vakil ni lake, msikiti nilioutaja ni wake, hamamu ni yake. Ukitoa makaburi na bustani, mji mkongwe unaotembelewa leo kwa sehemu kubwa ni mji wa mtu huyu mmoja, na umri wake ni karne mbili na nusu tu. Wageni wanaotarajia magofu ya enzi za Kilwa hukata tamaa kidogo wakijua hilo.

Mwisho wake mbaya ulikuja akiwa ameshakufa. Agha Mohammad Khan wa ukoo wa Qajar alipoishinda nasaba yake aliihamishia serikali Tehran, akafukua mifupa ya Karim Khan na kuizika chini ya ngazi za jumba lake ili aikanyage kila siku.

Asiye Shia anaruhusiwa kuingia Shah Cheragh?

Anaruhusiwa. Hapo wamezikwa ndugu wawili wa Imam Ridha, Ahmad na Muhammad, watoto wa Imam Musa al-Kadhim. Mwanamke huazimwa chadori mlangoni, na mgeni hupewa kijana wa kumwongoza bila malipo. Kuta na dari za ndani zimefunikwa kwa vipande vidogo vya vioo hata huoni pembe ya chumba inaishia wapi. Kuna wanaoona ni uzuri wa ajabu, kuna waliotoka wakisema macho yanawauma.

Ukaguzi ni mkali na una sababu: ziara hii ilishambuliwa kwa bunduki Oktoba 2022 na tena Agosti 2023, watu wakauawa. Kamera kubwa acha hotelini. Simu kwa kawaida hupita.

Persepolis ni lazima?

Lazima. Ni kilomita 60 hivi kaskazini-mashariki, na teksi ya kukodi kwa nusu siku ndiyo njia ya kawaida. Dario wa Kwanza alianza kuijenga karibu 518 kabla ya Kristo, Aleksanda wa Makedonia akaichoma 330 kabla ya Kristo. Wenyeji huiita Takht-e Jamshid.

Wengi huzunguka haraka kwa sababu ya jua, wakipiga picha za mafahali wenye mabawa. Wewe usikimbie. Nenda ngazi za mashariki za ukumbi wa Apadana, zilizofukuliwa miaka ya 1930 na kwa hiyo zimehifadhika vizuri kuliko mengine. Zimechongwa wajumbe wa mataifa wakileta zawadi kwa mfalme, makundi 23. Katika pembe ya ngazi kuna watu watatu wenye nywele za kipilipili, wa Kushi, nchi ya kusini mwa Misri. Wanaleta chombo chenye kifuniko, pembe ya ndovu, na mnyama anayevutwa kwa kamba. Mnyama huyo amewatoa jasho wataalamu: shingo ndefu kidogo, mgongo umeteremka. Wengine wanasema twiga aliyechongwa na fundi asiyemwona, wengine okapi, mnyama wa misitu ya Kongo. Mtu aliyekulia Ituri atakuwa na maoni yake.

Halafu rudi kwenye Lango la Mataifa Yote utazame kuta. Wasafiri wa karne ya 18 na 19 walichonga majina yao juu ya mawe, mabalozi na maofisa kwa wapitanjia. Kati yao kuna moja kubwa na safi: Stanley, New York Herald, 1870. Ndiye yule yule. Miezi michache baadaye alikuwa Unguja akiajiri wapagazi, na Novemba 1871 akakutana na Livingstone Ujiji. Kuna anayetabasamu akiliona jina hilo na kuna anayekunja uso. Mimi ni wa kukunja uso, na si kwa ajili ya ukuta tu.

Karibu na hapo utaona mabomba ya chuma yaliyosimama wima. Ni mabaki ya mji wa mahema aliousimamisha Shah mwaka 1971 kuadhimisha miaka 2,500 ya ufalme, wageni wakiwa wafalme na marais, Haile Selassie mmoja wao. Miaka minane baadaye Shah mwenyewe alikuwa mkimbizi.

Ukiwa na muda, kilomita chache mbele ni Naqsh-e Rustam, makaburi ya wafalme yaliyochongwa juu kwenye jabali. Pasargadae, penye kaburi la Koreshi, ni mbali zaidi na panahitaji siku nzima.

Mtu mweusi anapokewaje?

Atatazamwa. Ataombwa picha, hasa na wanafunzi. Wengi walioandika safari zao wanasema udadisi huo ulikuwa wa wema, ingawa kufikia siku ya tatu unachosha.

Ila kuna historia ambayo mwenyeji hatakuambia mpaka umuulize. Njia ya bahari haikuwaleta Waajemi kwetu tu. Katika karne ya 19 watu wengi kutoka Afrika Mashariki walipelekwa Ghuba kama watumwa, wengine wakafika hadi nyumba za matajiri wa Fars. Utumwa Iran ulipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1929. Wajukuu wao wako leo, hasa pwani ya kusini, Bandar Abbas, Bushehr na visiwani, wanazungumza Kiajemi na wana ngoma za zar za kupunga mashetani, ambazo mtu wa Unguja hatahitaji kuelezwa. Ukitaka undugu wa kweli kati ya pwani hizi mbili, naona uko kwao kuliko kwenye orodha ya masultani.

Mvinyo wa Shiraz bado upo?

Haupo. Pombe imepigwa marufuku tangu mapinduzi ya 1979, na mgeni hana msamaha. Wasafiri wa kale waliusifu sana. Zabibu inayoitwa Shiraz huko Australia na Afrika Kusini haina uhusiano na mji huu: vipimo vya DNA vilionyesha wazazi wake wote wawili ni mizabibu ya Ufaransa.

Nitakula nini?

Saladi ya Kishirazi ni kachumbari: tango, nyanya, kitunguu, vyote vimekatwa vidogo sana, na maji ya ndimu au ya zabibu mbichi. Mgeni wa kwetu hucheka akiletewa. Kalam polo ni wali wa kabichi na vidonge vya nyama, chakula cha nyumbani ambacho hoteli nyingi hazikipiki, kwa hiyo ulizia.

Faluda ya Shiraz siyo ile ya maziwa na mbegu tunayoijua. Ni tambi nyembamba za wanga zilizogandishwa kwenye barafu ya sukari na marashi ya waridi, unakamulia ndimu juu. Wauzaji wako karibu na ngome ya Karim Khan. Kuna wasioipenda mara ya kwanza, wakajikuta wamerudi jioni.

Niende mwezi gani?

Aprili hadi katikati ya Mei. Shiraz imejaa midanzi, barabarani, uani, msikitini, na maua yake yakichanua mji mzima hunukia. Waliokwenda Julai, joto likikaribia nyuzi 40, wanaandika habari za viyoyozi. Epuka wiki mbili za Nairuzi, mwaka mpya wa Kiajemi, kuanzia 20 au 21 Machi, maana Iran nzima inahamia huko na vyumba huisha. Usitarajie kukuta Mwaka Kogwa: huo wa Makunduchi, Unguja, unaangukia Julai, na Shiraz hakuna kupigana kwa migomba, watu hukaa na jamaa kwenye meza ya vitu saba.

Mwanamke avae nini?

Sheria inamtaka kufunika nywele na kuvaa nguo ndefu isiyobana. Utaona wenyeji wengi siku hizi hawafuati, hasa vijana, tangu maandamano ya 2022. Mgeni asiwaige, wao wanajua hatari wanayoichukua. Anayevaa mtandio na dera pana hana la kubadilisha.

Pesa je?

Beba taslimu, dola au yuro. Kadi za Visa na Mastercard hazifanyi kazi kwa sababu ya vikwazo. Noti zimeandikwa riali, bei hutajwa kwa toman, na toman moja ni riali kumi. Ukiambiwa "hamsini", uliza hamsini ya nini kabla hujafungua mkoba.

Dereva amekataa nauli. Nifanye nini?

Mlipe. Hiyo inaitwa taarof, adabu ya kukataa kwanza. Atasema hapana, utasisitiza, atasema hapana, utasisitiza tena, atapokea. Akikataa mara ya tatu na kuwasha gari, basi kweli amekukirimu. Vivyo hivyo ukikaribishwa chakula na mtu uliyekutana naye dakika tano zilizopita: shukuru na ukatae mara mbili, akishikilia nenda. Watu wa pwani hulielewa hili haraka. Wanaoumia ni wale waliozoea kuchukua neno kama lilivyo.

Viza na usalama?

Desemba 2023 Iran ilitangaza kuwaondolea viza raia wa nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo. Kenya haikuwamo. Taratibu hizi hubadilika, kwa hiyo thibitisha ubalozini kabla ya kukata tiketi. Kuhusu usalama, wizi na ujambazi si malalamiko ya kawaida ya wasafiri wa Shiraz. Hatari iko kwenye siasa: Juni 2025 Israel iliishambulia Iran na vita vikadumu siku 12, anga ikafungwa, wageni wakatafuta njia za barabara kutoka. Soma tahadhari za wiki hiyo hiyo unayosafiri, usitegemee za mwaka jana. Mwenye pasipoti ya Marekani, Uingereza au Kanada hulazimika kusafiri na mwongozaji aliyesajiliwa.

Nini huwaudhi wageni?

Msongamano wa magari. Mto Khoshk, unaopita katikati ya mji ukiwa mkavu karibu mwaka mzima. Kijito cha Ruknabad, alichokiimba Hafez, kimebaki mchirizi. Kubwa kuliko yote ni mitaa ya kale iliyobomolewa kuzunguka Shah Cheragh ili kupanua eneo la ziara: uliposoma kwamba kuna vichochoro vya udongo na nyua za midanzi, sasa unakuta uwanja wa saruji na maduka. Wakazi wa Mji Mkongwe wowote, Mombasa au Unguja, wanaijua hasira hiyo.

Kiarabu kitanisaidia?

Kidogo sana. Kiajemi kinaandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa hiyo aliyepita chuoni atasoma vibao vya barabarani hata kama haelewi. Mazungumzo ni lugha nyingine kabisa, na Kiingereza utakipata kwa vijana na hotelini. Jifunze tarakimu kabla ya kuondoka, zote kumi, na uangalie ya nne, ya tano na ya sita kwa makini, kwa kuwa Waajemi huziandika tofauti na Waarabu na ndizo zilizoko kwenye bei na namba za mabasi.